Stima ya vidole: jinsi waya unavyoweza kumrudishia mshiko aliyevunjika shingo

Kombo hunywa kahawa kwa viganja viwili. Kile kikombe kidogo kisicho na mkono, ambacho mimi na wewe tunakibana kwa gumba na kidole cha shahada huku porojo zikiendelea, yeye hukikumbatia baina ya viganja kama mtu aliyeinua dua, akakiinamia, akafyonza. Kashata hulishwa. Akimaliza, hukisukuma kikombe kwa ubavu wa mkono mpaka kigonge sinia, na hapo mtu mwingine hukiondoa.

Ijumaa moja baada ya sala tulikuwa tumekaa barazani kwao, Mtongwe, Mombasa. Simu ilikuwa mapajani mwake. "Shemeji," akaniambia, "hebu tazama hii. Ni kweli ama wanatuchezea?" Kwenye video kulikuwa na mzungu katika kiti cha magurudumu, mkono umeviringishwa kitu kama bendeji yenye nyaya, na waya mwingine mnene umemtoka kichwani. Akaishika chupa, akamimina, akaitua. Polepole na kwa kutetemeka, lakini aliishika.

Nikamwambia ni kweli. Nikaona uso wake ulivyogeuka, nikajua nimeharibu, kwa sababu "ni kweli" lilikuwa jibu fupi kuliko swali lake. Alichokuwa akiuliza ni: na mimi je? Makala haya ndiyo jibu refu nililopaswa kumpa siku ile. Mimi si daktari. Nilisomea umeme, nikaishia kuandika, na kwa jambo hili umeme umenifaa kuliko nilivyotarajia.

Mshipa gani?

Kwanza tusafishe maneno, maana huku Pwani neno moja linabebeshwa mzigo wa watu wanne. Damu inapita kwenye mshipa. Fahamu zinapita kwenye mshipa. Ile kamba ngumu inayotokeza nyuma ya kiganja ukinyanyua vidole, nayo mshipa. Na mzee akivimba kinena, "ana mshipa". Ndiyo sababu jirani akisema mshipa wa Kombo umekatika, kila aliyepo barazani anaona picha yake, na kila mmoja ana dawa yake ya kuuunga.

Hapa nitasema hivi. Neva ni ule mshipa wa fahamu, unaobeba habari. Kano ni ile kamba ngumu inayofunga msuli kwenye mfupa. Haina habari yoyote, kazi yake kuvuta. Msuli ndio injini. Na ugwe wa mgongo ni ile kamba laini ya neva, unene wake kama kidole cha mwisho, inayoshuka kutoka ubongoni ndani ya mfereji wa pingili. Pingili ni kasha, ugwe ndio mali iliyomo. Mtu anaweza kuvunjika pingili na ugwe usiguswe, akainuka akatembea. Za Kombo ziliteleza zikaubana ugwe, tena shingoni.

Alianguka mnazini. Alikuwa akiangua madafu kipindi cha masika, shina limelowa. Wanaume wanne wakamnyanyua, huyu kamshika makwapa, yule miguu, kichwa kinaning'inia, wakamkunja ndani ya tuktuk kuelekea kivukoni. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hakuna anayejua jeraha lingekuwaje wangemlaza juu ya ubao. Ila ningeruhusiwa kubandika bango moja chini ya kila mnazi, na kila mahali vijana wanaporuka baharini kichwa mbele maji yakiwa yamekupwa, ningeandika: aliyeumia shingo asinyanyuliwe kabla kichwa hakijashikwa kikanyooka na mwili. Mlango wa kibanda unatosha kuwa machela.

Shingo ina pingili 7 lakini neva zinazotoka hapo ni jozi 8, na kila jozi ina kazi zake. Ya tano, ambayo madaktari huiandika C5, hunyanyua bega na kukunja kiwiko. C6 hunyanyua kifundo cha mkono. C7 hunyoosha kiwiko. C8 hukunja vidole, na T1, ya kwanza ya kifuani, huendesha misuli midogo iliyomo kiganjani. Jeraha la Kombo liko chini kidogo ya C6, na kwenye faili lake limeandikwa kuwa ni kamili, yaani chini ya hapo hakuna amri inayoshuka wala hisia inayopanda. Kifundo chake kinainuka vizuri tu. Vidole ndivyo havipati habari.

Unaweza kudhani mtu wa namna hii anachotaka kwanza ni kutembea. Sisi tunaomtazama ndio tunaotaka atembee. Mwaka 2004 yalichapishwa majibu ya watu 681 walioumia uti wa mgongo kule Marekani, wameulizwa ni kitu gani kikirudi kitabadilisha maisha yao zaidi. Kati ya wale waliopooza mikono na miguu, karibu nusu walitaja mkono. Mtu mwenye mkono anajilisha, anajisukuma, anajivalisha, anashika simu na kufanya kazi. Kombo mwenyewe alisema kwa ufupi zaidi: "Miguu nimeizoea. Kulishwa sijakuzoea."

Balbu haijaungua

Wengi huamini mkono uliopooza umekufa. Chukua usiku ambao lori limegonga nguzo ya stima na mtaa mzima umeingia giza. Ukikagua nyumbani kwako, waya za ukutani ziko salama, swichi ziko salama, balbu nzima. Kinachokosekana ni stima inayotoka nje. Unga jenereta kwenye waya zilezile, taa zitawaka.

Amri ya kufunga vidole hupita kwa neva mbili zinazopokezana. Ya kwanza hutoka ubongoni ikashuka ndani ya ugwe. Ya pili huanzia ndani ya ugwe, chini shingoni, ikatoka nje na kwenda mpaka kwenye msuli. Ajali ya Kombo ilikata ile ya kwanza. Ya pili, maadamu seli yake iko chini ya jeraha, ingali hai, inaulinda msuli usinyauke kabisa, na inangoja kuambiwa. Ndiyo maana usiku miguu ya watu kama yeye huruka yenyewe. Jamaa husema "anapona", kumbe ni neva za pili zinajibizana na ngozi bila kumwuliza ubongo.

Tatizo ni kwamba pale penyewe pigo lilipotua kuna balbu zilizoungua kweli. Neva za pili zilizokuwa na seli zake kwenye jeraha zilikufa, na misuli iliyozitegemea ikakonda. Hapo jenereta haisaidii. Umeme unaotumika katika tiba hii kwa hakika hauamshi msuli, huamsha neva, kisha neva ndiyo inayoamsha msuli. Msuli usio na neva unadai umeme mwingi mno kuliko huo, kiasi ambacho huwezi kukiweka mwilini mwa mtu kikafanya kazi kutwa. Kwa hiyo watu wawili walioandikiwa C6 kwenye faili wanaweza kuwa na mikono tofauti kabisa: huyu balbu saba nzima na tatu zimeungua, yule kinyume chake. Bila kupima msuli mmoja mmoja, hakuna anayeweza kukuahidi kitu.

Kwamba umeme unakunja msuli si habari mpya. Luigi Galvani wa Bologna aliona miguu ya chura ikiruka kwa umeme katika karne ya 18. Kilichochukua miaka mia mbili ni ustaarabu wa kuutumia. Umeme huu haufanani na wa soketi. Ni mipigo, mingi ikiwa ya kama miliampea 20, na kila mpigo hauzidi mikrosekunde 200, yaani sehemu moja ya elfu tano ya sekunde. Mpigo mmoja ni mshtuko mmoja. Ukipiga mara 12 hadi 16 kwa sekunde, mishtuko inaungana na vidole vinafunga kwa utulivu. Na kila mpigo wa kwenda hufuatwa na wa kurudi, chaji isije ikajikusanya ikala chuma cha elektrodi, yaani ile ncha inayopitisha umeme mwilini, na nyama iliyo karibu. Sisi ambao mabati yetu huliwa na hewa ya bahari hatuhitaji kuelezwa hilo mara mbili: mwili nao ndani ni maji ya chumvi.

Kuna uchovu pia, na hili video hazionyeshi. Ubongo unapotaka kushika kitu huanza na nyuzi ndogo za msuli, zile zisizo na nguvu nyingi lakini hazichoki, na ukizidiwa ndipo huita zile kubwa. Umeme wa nje hugeuza foleni hiyo. Huanza na zile kubwa, ambazo huvuta kwa nguvu na kuishiwa haraka. Hivyo msuli uliokaa miaka bila kazi lazima ufanyishwe mazoezi ya umeme kwa wiki nyingi, polepole, mpaka nyuzi zenyewe zibadilike na kuwa za kustahimili. Wanaofikiri mtu anawekewa waya Jumatatu na Jumanne anakula wali kwa mkono wake, wamedanganywa.

Bega likawa swichi

Kifaa kilichofika mbali kuliko vyote kilizaliwa Cleveland, jimbo la Ohio, katika Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, chini ya mhandisi P. Hunter Peckham na wenzake. Mtu wa kwanza alipandikizwa mwaka 1986. Kikaitwa Freehand, na mwaka 1997 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikakiruhusu kuuzwa.

Nitakieleza kwa kina kwa sababu ukikielewa hiki, vingine vyote ni marekebisho yake tu. Chini ya ngozi ya kifua kulikuwa na kijisanduku kinachofanana na betri ya moyo, ila chenyewe hakikuwa na betri. Kilipokea nguvu na amri kwa redio, kutoka kwenye koili iliyobandikwa juu ya ngozi kwa plasta. Kutoka hapo nyaya 8 zilipita chini ya ngozi, zikavuka bega, zikashuka mkononi, kila moja ikiishia kwenye elektrodi iliyoshonewa juu ya msuli, karibu na mahali neva inapoingia. Huu unafungua gumba, huu unalifunga, hii inakunja vidole, hii inavinyoosha.

Mshiko ulikuwa wa namna mbili. Mmoja gumba linabana ubavu wa kidole cha shahada, kama unavyoshika ufunguo au kijiko. Wa pili gumba linakabili vidole vingine, kama unavyoshika bilauri. Ukihesabu mambo ambayo mkono hufanya kutwa utashangaa mangapi yanaingia ndani ya mishiko hiyo miwili.

Sasa swali ambalo kwangu ndilo kiini cha jambo zima: nani anatoa amri? Umeme tunao, msuli tunao, neva ya pili tunayo. Lakini vidole vikifunga vyenyewe kila baada ya dakika, hiyo si tiba, hiyo ni mzuka. Jibu la Cleveland lilikuwa bega la upande wa pili, ambalo mtu wa C5 au C6 bado analimudu. Sensa ndogo ilibandikwa ikawa inasoma bega limesogea wapi. Lisogeze huku, mkono unafunguka. Lisogeze kule, unafunga, na kadiri unavyolisogeza ndivyo unavyokaza. Kisha kuna ujanja ninaoupenda kuliko yote: ukilitikisa bega ghafla, mshiko unafungwa ulivyo, kama kufuli. Hapo unaweza kuinama, kucheka, kugeuka kumwitikia mtu, na uma haukuponyoki. Anayeshika kijiko kwa vidole vyake mwenyewe hajui kwamba ana kufuli hiyo.

Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya watu 51 waliopandikizwa. Karibu wote nguvu zao za kubana ziliongezeka, na walifanya wenyewe kazi ambazo awali walifanyiwa. Duniani, waliowekewa Freehand walizidi 200.

Na mwaka huohuo wa 2001, kampuni iliyokuwa ikikitengeneza, NeuroControl, ikaacha kukiuza. Kifaa hakikushindwa, soko lilikuwa dogo. Watu waliovunjika shingo, wenye C5 au C6, wenye misuli inayoitika, wenye bima ya kulipa, hawakutosha kuilisha kampuni. Watafiti wa Cleveland waliendelea na kazi, lakini kifaa cha dukani kilikuwa kimekwisha. Hili hunirudia kila ninapoona video mpya. Tunauliza kama kifaa kinafanya kazi, ilhali swali lingine lina uzito uleule: koili ikikatika miaka kumi baadaye, nitampigia nani simu? Aliye Mtongwe na fundi wake Ohio ana swali hilo mara mbili.

Baada ya Freehand

Kizazi kilichofuata kiliongeza njia za umeme kutoka 8 kuwa 12 na kuondoa ile sensa ya bega. Mahali pake, elektrodi mbili za kusikiliza ziliwekwa ndani ya mwili, juu ya misuli ambayo mtu bado anaimudu. Msuli wowote unapojikaza hutoa umeme wake mdogo, na kifaa husikiliza huo. Kwa mtu kama Kombo, msuli unaonyanyua kifundo ungekuwa ndio unaosikilizwa: akikaza kifundo, vidole vinafunga. Ni jambo lililo karibu na maumbile. Na baada ya hapo yakaja mapandikizi ya vipande vinavyounganishwa na waya ndani ya mwili kama kompyuta za ofisi, betri ya kuchajiwa ikiwa humo humo, nje hakuna kitu kilichobandikwa. Kwa jasho la Mombasa, kutokuwa na plasta kifuani si anasa.

Mkondo mwingine ndio ule wa video ya Kombo: kuiacha njia ya mwili na kuusoma ubongo wenyewe. Mwaka 2014, Ohio, kijana aliyeumia shingo kwa kuruka kwenye wimbi la ufukweni akapandikizwa ubongoni kipande kidogo chenye elektrodi 96. Kompyuta ilijifunza kutambua anapowaza kufunga mkono, kisha ikapeleka umeme kwenye mkono uliovishwa kitu kama bendeji chenye elektrodi nyingi juu ya ngozi. Matokeo yalichapishwa na jarida la Nature mwaka 2016. Mwaka 2017, katika jarida la Lancet, watafiti wa Cleveland wakaeleza kuhusu mwanamume aliyevunjika shingo kwa ajali ya baiskeli, ambaye kwake elektrodi 36 ziliingizwa ndani ya misuli ya mkono. Alikula kwa uma. Akajiinulia kikombe cha kahawa, akanywa kwa mrija.

Nilipomsimulia Kombo hiyo ya kahawa alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa mrija? Kahawa?" Bora hivyo kuliko angelia.

Lakini zingatia kwamba hayo yalikuwa majaribio ya maabara, mtu mmoja mmoja, na waya umetokeza fuvuni umeungwa na kompyuta. Yule kijana wa wimbi kipandikizi chake kilitolewa mwaka 2021. Hakurudi nyumbani na mkono mpya. Alirudi na ushahidi kwamba inawezekana, ambao ni wa watu wote zaidi ya kuwa wake.

Kuna pia kuchochea ugwe wenyewe. Hapa umeme hauwi jenereta. Unakuwa kipaza sauti: kama kuna nyuzi chache zilizonusurika kwenye jeraha, amri zao dhaifu zinasikika zaidi ugwe ukiamshwa. Kifaa kiitwacho ARC-EX hakihitaji kupasuliwa, elektrodi hubandikwa nyuma ya shingo wakati wa mazoezi. Katika utafiti wa watu 60 uliochapishwa mwaka 2024, 72 kati ya kila 100 walipata nafuu ya nguvu na ya matumizi ya mkono, na Desemba ya mwaka huo FDA ikakiruhusu. Ruhusa hiyo ni kwa majeraha yasiyo kamili. Kipaza sauti bila sauti hakina la kupaza, na kwenye faili la Kombo limeandikwa neno "kamili".

Zile mashine ndogo za vyumba vya fiziotherapia, zenye pedi zinazokuwasha, ni jambo jingine tena. Nyingi ni za kutuliza maumivu. Zipo zinazokaza msuli, nazo zina kazi yake, tutaziona hapa chini. Lakini anayekuuzia kisanduku cha kutuliza mgongo akakuambia kitaunga ugwe, mwache apite.

Lililo karibu

Kabla ya waya wowote kuna mshiko wa bure ambao mwili umempa kila mtu. Jaribu sasa hivi: legeza vidole kabisa, angusha kifundo cha mkono chini, vidole vinafunguka. Kinyanyue kifundo, vidole vinajikunja vyenyewe na gumba linakuja kugusa ubavu wa kidole cha shahada. Hakuna msuli wa kidole uliofanya kazi. Ni kano tu, kwa kuwa zinapita juu ya kifundo na urefu wake ni uleule. Mtu wa C6, ambaye kifundo anakimudu, anaweza kuishi kwa ujanja huo: kushika karatasi, mswaki, hata noti. Ili ufanye kazi, kano za vidole lazima zibaki fupi kidogo, zenye kukaza.

Sasa kwa Kombo, kila asubuhi kwa zaidi ya mwaka, alikuja mkandaji na mafuta ya nazi. Mtu hodari, mpole, anayejua kazi yake. Akikinyanyua kifundo juu na hapohapo kuvinyoosha vidole vyote mpaka viwe bapa kama chapati, kwa nia ya kuvizuia visigande. Kila asubuhi alikuwa akizirefusha kano. Mazoezi ya vidole ni lazima, la sivyo viungo vinaganda kweli, ila kwa mkono wa aina hii hufanywa kwa zamu: kifundo kimeanguka, nyoosha vidole, kifundo kimeinuka, viache vijikunje. Kamwe si vyote viwili pamoja. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Nilipolisoma hilo, ilinibidi nitafute namna ya kulifikisha kwa mama mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa akimlipa mkandaji kwa pesa za mahamri yake. Nikamwambia mke wangu, mke wangu akamwambia mama, mama akakaa siku mbili bila kusema na mimi. Siku ya tatu akamwita mkandaji, wakakubaliana upya.

Na kuna upasuaji usio na betri. Daktari huchukua kano ya msuli ambao mtu bado anaumudu na ambao una wenzake wa kumsaidia, akaihamishia kwenye gumba au kwenye vidole. Msuli mmoja wa mkono wa chini unaosaidia kukunja kiwiko hutolewa mara kwa mara kwa kazi hiyo: kuhamishwa ukawa wa kubana gumba. Ni tiba ya miongo mingi, haichajiwi na haiishiwi na kampuni. Siku hizi neva nazo huhamishwa. Australia, mwaka 2019, walieleza kuhusu watu 16 waliofanyiwa uhamisho wa neva 59 na wengi wakapata kufungua na kufunga mkono. Huo una saa yake: kwa misuli iliyopoteza neva, miezi ikipita sana mlango unafungwa. Kwa kano, Kombo hajachelewa. Hapa nchini rufaa za majeraha haya huelekea Nairobi, katika hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo, na kama angeniuliza leo "na mimi je?" ningemwambia aanze na swali la kano kabla ya swali la waya.

Lakini yeye alitaka kwanza kujua balbu zake.

Tulimpeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, dada mmoja kijana, tumevuka feri asubuhi kabla jua halijawa kali. Kabla ya yote alimpima presha, na aliendelea kuipima, kwa sababu aliyeumia shingo presha yake inaweza kuruka ghafla kwa jambo dogo tu, kibofu kikijaa au ngozi ikichomwa. Kisha akabandika pedi mbili upande wa ndani wa mkono wa chini, akazungusha kitufe kidogo kidogo. Hakuna kitu. Akaisogeza pedi moja kama upana wa kidole. Hakuna kitu. Upande wa nje, ule wa kunyoosha vidole, alijaribu mahali patatu, pakawa kimya kabisa. "Hapa huenda pameungua," nikawaza. Akarudi upande wa ndani, akasogeza tena.

Vidole vinne vikajikunja pamoja, polepole, kama mtoto anayeota.

Mama alikuwa ameketi karibu. Akanyoosha kidole chake cha shahada akakitia ndani ya ile ngumi kabla haijafunga. "Umenishika," akasema. "Kombo, umenishika."

"Sikusikii, mama," Kombo akajibu, macho yameganda mkononi. Umeme unapeleka amri tu, haurudishi habari. Ngozi ya vidole vile bado ilikuwa upande wa pili wa jeraha. "Nimekushika sana?"

"Sana."

Baada ya kufunga na kufungua kama mara ishirini vidole vikaanza kulegea, vikawa vinakunjika nusu, kisha robo. Yule dada akazima mashine, akaandika kwenye faili misuli iliyoitika na iliyonyamaza, akasema leo inatosha, misuli imechoka.

"Daktari," Kombo akamwambia, "subiri ipumzike. Kisha urudie."